Mkutano na D.

Kwenye kalenda nimeandika:
Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mkutano na D.
Nimeupaka rangi ya chungwa,
ile ile ya vikao vya idara,
ili mpita njia asibishe hodi.

D. ni Dougal Imrie, fundi wa boila kule Partick,
miaka sitini na moja, gari lake lanuka mpira na mwani.
Ajenda ni moja: maji.

Shahada yangu ni ya uzamivu,
na miaka miwili mizima sikulowa hata kisigino.
Nilizama kwenye mikataba ya mashamba ya kale,
wino wa kahawia, wapangaji waliong'olewa
kupisha kondoo. Nikawahamishia kwenye jedwali,
jina kwa jina, usiku, tambi zikipoa kikombeni.

Sura ya tatu imerudi mara nne.
"Bado haina kina," aliandika Profesa Auchterlonie
kwa penseli iliyochongwa ikachongoka.
Kina? Mita ishirini na mbili, wiki ile ile.
Ninacho daftarini, na sahihi ya shahidi.

Ni mwendo wa saa moja kutoka Glasgow hadi Loch Long,
mvua ikitupiga makofi njia nzima.
Tunavaa kando ya barabara, malori yakitupigia honi.
Dougal hunifunga zipu ya mgongoni
kama afungavyo koki ya gesi:
anavuta, anakagua, anavuta tena, hasemi kitu.
Kisha mawe yanayoteleza, kisha baridi
inayouma paji la uso kama deni.

Maji ya juu ni chai ya mkandaa.
Chini yake giza, na katika giza
duara la tochi, na ndani ya duara
kamba mwekundu mlangoni mwa shimo lake,
anatutazama kama karani wa zamu.
Na kaa yule wa nyumba ya kuazima:
mpangaji asiye na mkataba,
hadaiwi na mtu, anatembea na paa lake.
Hapa hakuna ujumbe uwezao kunifikia.
Kuna mshale wa hewa tu, unashuka.

Novemba nilikosa.
Sura ilitakiwa Ijumaa. Zikiwa zimebaki dakika kumi
nikamwandikia: Samahani, leo siwezi.
Alikwisha fika, chini ya dirisha la maktaba.
Na kwa kanuni yetu hakuna apigaye mbizi peke yake.
Akakaa garini, akanywa chai yake,
akanywa na yangu, akageuza gari.
Hakunilaumu. Ila wiki iliyofuata,
nilipouliza mitungi imejazwa lini,
akasema, "Haikupungua."

Sura ile Profesa aliisoma baada ya wiki tano.

Tangu hapo sisemi natafuta nafasi.
Nafasi si soksi, haiokotwi mvunguni.
Yangu ina mtu ndani yake,
kakaa garini na vikombe viwili.

Tukipanda tunasimama mita tano, dakika tatu,
damu ipate kujisafisha.
Hakuna cha kufanya. Nashika mnyororo wa boya kuukuu.
Jana, hapo hapo, sentensi ilinijia,
ile iliyokuwa ikikosekana sura ya tatu,
kamili, na koma zake.
Nikaibana kwa meno pamoja na mpira wa hewa.
Juu, Dougal akaniuliza kama miguu ingali yangu.
Nikacheka. Ikanitoka.

Leo asubuhi, barua: Profesa anaomba tuonane
Alhamisi, saa kumi na moja. Halafu, mstari peke yake:
"Huyu D. ni nani? Naye anaisimamia tasnifu yako?"

Nywele zangu bado zina chumvi.
Nimeandika: Ndiyo, kwa namna fulani.
Nimefuta.
Nimeandika: Jumatano ingefaa zaidi.