Daftari la Mafuta

Mali bila daftari hupotea bila habari:
ndivyo alivyosema mama, nami nikanunua daftari,
kurasa tisini na sita, jalada la bluu,
nikalilaza kwenye droo ya Probox
pamoja na risiti, tochi,
na kitambaa cha kufutia yai lililopasuka.

Kila Ijumaa, kituo cha mafuta cha Njiru,
Nyakundi anasoma mita, mimi naandika.
Ruai hadi Ngara, trei themanini, kwenda na kurudi:
kilomita hamsini na nne.
Lita moja, kilomita kumi na nne.
Miaka mitatu nambari hizo hazikuyumba.
Nilizizoea kama watu wa nyumbani.

Kisha tairi zikaisha. Vipara vinne,
laini kama mgongo wa sahani,
na mvua ya Aprili iko njiani na matope yake ya Ruai,
udongo mweusi unaoshika gari kama deni.
Nikaenda Barabara ya Kirinyaga, nikabishana bei na Gichohi
mpaka akacheka, mpaka akaacha kucheka,
nikaondoka na nne mpya:
nene, pana, meno marefu,
bado zina vinyweleo vya mpira ubavuni.
Nilizipapasa. Nikasema, sasa nina gari.

Ijumaa ya kwanza: kumi na mbili.
Nikadhani nimekosea kugawanya.
Ijumaa ya pili: kumi na mbili kasorobo.
Na safari ya Ngara, kwa mita, hamsini na mbili.

Barabara haiishi kama sabuni.
Nani basi amekula kilomita mbili?
Nani anazinywa lita zangu usiku?
Nikanusa jerikeni ya Nyakundi. Nikanusa koti lake.
Lilinuka chakula cha kuku, kama langu.
"Mama Nzisa," akasema, "mimi?"
Sikumjibu. Nilimfungulia ukurasa.
Mwisho wa mwezi nikamkata elfu moja mia nane na arobaini.
Akahesabu zilizobaki, akaweka ufunguo juu ya trei,
polepole, asivunje kitu.

Nikaendesha mwenyewe.
Sina jerikeni. Sina rafiki pale Njiru.
Ijumaa: kumi na mbili kasorobo.

Nilikaa nyuma ya usukani, kalamu mdomoni,
honi nyuma yangu zikinitukana,
hadi Adipo, binti wa kujaza upepo,
akaja kugonga kioo. Nikamwonyesha hesabu.
Hakuitazama. Alitazama magurudumu.

"Mama, ulivua raba ukavaa gambuti,
halafu unauliza mbona unahema?"
Kidole chake kikapita kwenye meno ya tairi:
hizi ni nzito, zinang'ang'ania lami,
kila mzunguko injini inazibandua upya.
Kipara kiliteleza; ndiyo maana kilikunywa kidogo,
na ndiyo maana siku ya mvua kingekuua.
"Tena ni ndefu kuliko za zamani.
Mtu mrefu akivuka uwanja huu, hatua zake ni chache.
Mita inahesabu hatua, mama.
Haihesabu uwanja."

Mama hakuniambia nusu ya pili:
kwamba mtu naye hupotea,
na hupotelea humo humo daftarini,
kwa mwandiko mzuri, chini ya mstari uliopigwa kwa rula.

Usiku nikamtumia elfu moja mia nane na arobaini kwa simu.
Nikaandika samahani, nikaifuta.
Nikaandika: Ni tairi.
Nikaifuta. Nikaandika zote mbili.

Saa nne na ushei simu ikamulika:
"Nilijua ni kitu. Upepo umejaza?
Zile za nyuma hupenda kushuka."

Nikatoka na tochi, kwa kandambili, kwenye matope,
nikazibonyeza moja moja kwa kidole gumba
kama anayechagua parachichi.

Ya nyuma, kushoto, ilikuwa imeshuka.