Daftari la Korongo

Jumamosi ya mwisho kabla ya kiangazi,
kabla upepo wa kusini haujaanza kutafuta kiberiti,
tulishuka korongoni, watu kumi na tisa
na mbwa sita wasio na mwenyewe,
huku Valparaíso ikining'inia juu yetu
nyumba kwa nyumba, bati kwa bati,
kama nguo zilizosahauliwa kambani.

Mimi sikupewa koleo. Mgongo wangu unajulikana mtaa mzima.
Nilipewa daftari:
ukurasa wa kushoto, takataka;
ukurasa wa kulia, presha za watu.
Maana Yasna, muuguzi, alikuwa ameiweka meza yake
kwenye ngazi ya mia na arobaini,
pale ambapo kila apandaye husimama
akajifanya anatazama bahari.
"Ukimngoja mtu hospitalini," alisema,
"utamwona amebebwa.
Hapa utamkuta anahema,
na anayehema hana ubishi."

Kushoto: magodoro matatu.
Tairi kumi na moja.
Kiti cha daktari wa meno, bila daktari.
Mwanasesere asiye na kichwa
na, hatua chache mbele, kichwa.
Kulia: Rosamel, mwashi, mia na thelathini na nane.
Dada wawili wa duka la mkate,
wanaofanana hata presha.
Watoto walikuwa wakishindana kuokota chupa
mpaka walipomkuta paka chini ya karatasi ya nailoni.
Wakaacha mashindano, wakachimba.
Huyo sikujua nimwandike ukurasa upi.

Dirishani kwake Bibi Eduvigis alikuwa akihutubia:
wachafuzi watozwe faini!
wasomwe majina kanisani!
Kila mwaka hututumia mkate na hotuba.
Mkate huwa mzuri.

Saa sita mchana kamba ikakaza.
Wanaume wanane, na msichana mmoja aliyewazidi nguvu,
wakavuta, wakapumzika, wakatukana kidogo, wakavuta,
na kutoka kwenye miiba ikaibuka friji,
mgongoni imeota nyasi,
mlangoni, chini ya tope,
ua jekundu lililochorwa kwa rangi ya kucha.

Hotuba ikakatika.

Alishuka kwa ndala, ameshika ukuta,
ngazi moja, kisha pumzi, kisha ngazi.
Akalifuta lile ua kwa kidole gumba.
"Hili nilichora mimi," akasema.
"Ilikufa mwaka wa tetemeko. Gari la jiji halipandi huku.
Mume wangu aliitoa usiku, tukaifunika blanketi
kama maiti, majirani wasione."
Hakuna aliyejibu. Mbwa mmoja alijikuna.
Ndipo Rosamel, akikunja kamba, hakuinua hata macho:
"Tuliona, mama.
Upande wa pili alishika baba yangu."

Kicheko kilianzia kwake yeye mwenyewe,
chembamba, kikapanda ngazi kutuzidi sote,
kikaingia hadi madirisha ambayo hayakushiriki kitu.
Yasna hakucheka. Alishamfunga mkono.
Mia na tisini.
Wakakaa dakika kumi, bila hotuba.
Mia na sabini na mbili.
"Haitoshi," Yasna akasema, "Jumatatu kliniki,
na mkate wako upungue chumvi."
Hilo la chumvi ndilo lililomuuma.

Friji niliiandika kushoto.
Yeye nikamwandika kulia.
Nikalifunga daftari kabla wino haujakauka,
na sasa kurasa zimeambukizana:
juu ya jina lake kuna alama ya friji,
juu ya friji, kwa mbali, mia na tisini.

Nilikuwa naondoka Yasna aliponiuliza, "Na wewe?"
Nikamwambia, mgongo.
"Sikuuliza mgongo," akasema. "Lete mkono."

Nikaanza kutazama bahari.