Karatasi ya Simiyu

Bendera nyekundu niliichomeka jana ukingoni.
Leo ukingo umehama,
bendera inaelea na magugu-maji.

Lugwisha, mshika fimbo ya kupimia,
maji kifuani, mafunjo yakimkuna masikio,
ananicheka:
"Mto huu hauketi upigwe picha."

Nauliza jina la kijito kile chembamba.

"Kiangazi, Koo la Korongo.
Masika hakuna kijito, ni ziwa tu.
Mama alikiita vingine
tangu kilipomchukua Ng'wigulu.
Hilo usiandike."

Nachora kontua kwa penseli,
mkono mwepesi; wino nimeuacha Magu.
Penye jina
naacha weupe, upana wa ukucha.

Mwanza, ofisini,
wataniuliza kama nimesahau.