Kuoanisha

Jikoni kwa Idwal, mjini Bala, mvua imekatika.
Rimoti ya mtumba, antena imefungwa uzi,
skrini yauliza: Futa HELEDD?
Hajui ni ndege, mke, au mbwa
wa yule mzee wa Blaenau aliyegoma kushusha bei.

Hapana.

Abana kitufe cha risiva, awasha umeme:
taa nyekundu yapepesa, yapepesa,
kama mtu anayelitafuta jina lako,
kisha yatulia. Wameoana.

Kijiti kulia, kibawa chaitika kushoto.
Acheka, ageuza chaneli.
Usukani tu ameuacha ulivyo,
mibofyo miwili pembeni, ya mwenyewe.

Malishoni kondoo wakatawanyika,
ndege ikapaa,
ikavuta kushoto kidogo,
upande wa Blaenau,
kama mtu aliyesikia anaitwa.