Hesabu ya Kofi

Kofi langu lina hesabu nne.
Moja: Mhoja anamtazama Nyanzobe machoni,
si kwa hasira, kwa kuuliza: uko tayari?
Mbili: Nyanzobe anajibu kwa kope.
Tatu: mkono unapita mbele ya pua,
umbali wa shibiri, hewa tupu.
Nne ni mlio,
na mlio haumo shavuni.
Ni Nyanzobe mwenyewe anajipiga pajani
kwa kiganja cha upande ambao ukumbi hauoni.

Watu hudhani anayepiga ndiye anayepigana.
Wapi! Katika kazi hii anayepigwa ndiye nahodha.
Asipokonyeza, hakuna kofi.
Akivutwa nywele, ni yeye aliyeukamata mkono wa mvutaji
akaubana utosini, kama mtu na karai lake la dagaa,
akajiburuta mwenyewe kwenda anakotaka
huku akilia.

Kuanguka nilifundishwa na mawe.
Simama Bugando utazame ng'ambo:
jiwe juu ya jiwe, limeinama hivi,
tangu babu wa babu linaanguka
na halijafika chini.
Nawaambia vijana, angukeni kama jiwe la Mwanza,
mashaka abaki nayo mtazamaji.
Kisha paja, tako, bega. Kiwiko kamwe.
Lukonge alisahau kiwiko.
Wiki sita alikula ugali kwa mkono wa kushoto,
mama yake akigeuza uso.

Damu ni rozela iliyochemshwa hadi ikakolea,
nikaitia unga wa muhogo isikimbie.
Panga ni la mbao, lilichongwa na seremala wa Igoma
aliyeniuliza: hili litakata nini?
Nikamwambia, pumzi za watu.
Akaongeza elfu mbili.

Ijumaa ukumbi ulijaa,
wadudu wa ziwani wameizonga taa kama moshi.
Onyesho la pili. Mume amerudi, chakula kimepoa.
Moja.
Mbili.
Akainuka mama mmoja safu ya mbele,
muuza sangara wa Mwaloni, magamba bado kwenye aproni,
akapanda jukwaani, ndala mkononi,
akamcharaza Mhoja, mara tatu, bila hesabu,
na mlio ulikuwa shavuni.
"Mwache! Mwache mtoto wa watu!"

Ukumbi uliangua kicheko.
Nyanzobe hakucheka. Alimshika yule mama mabega,
akamnong'oneza kitu ambacho hadi leo hajaniambia,
akamshusha ngazi polepole
kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi njia panda.
Mhoja alimaliza mchezo na uso umemvimba.
Miaka tisa ya kazi, na hilo ndilo pigo la kwanza la kweli.
Nililiandika daftarini:
ndala, shavu la kushoto, mlio safi.

Usiku nilipanda Mabatini kwa miguu.
Nyumba ya tatu kutoka kwangu walikuwa wameshaanza.
Naijua ile kazi kwa masikio tu:
hakuna anayeuliza kwa macho,
hakuna shibiri,
kitu kinagonga kabati, kimya, halafu mtoto.
Ningetaka kusema imepangwa vibaya.
Haikupangwa.
Miaka sita nimeisikia,
na miaka sita nimeongeza sauti ya redio,
mimi, ninayelipwa na watu
ili wasadiki kwamba mtu anaumia.

Nilisimama mlangoni, ufunguo umeshaingia kitasani.
Madirisha yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa,
nami nilijua nyuma ya kila moja kuna mtu macho,
safu ya mbele, safu ya pili,
tiketi ya bure.

Moja.

Mbili.

Nikainama,
nikavua ndala ya kulia.