Mara Tisa

Niliuliza bei ya Kilimanjaro kwa simu
nikiwa ghalani, msimu wa korosho, mbele ya mizani,
gunia la mtu begani.
Sauti ya Moshi ikataja kiasi. Kwa dola.
Nikasema asante, nitapiga tena,
nikapima: kilo themanini na mbili,
toa moja ya gunia lenyewe.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya stakabadhi.
Kutoka bondeni, njia inapoachana na majaruba ya mpunga,
mpaka ukingoni Newala, Shimo la Mungu,
ni mita mia sita hamsini na tano
kwa simu ya Chilumba, ambayo kioo kimepasuka
na siiamini sana.
Zidisha kwa tisa.
Elfu tano mia nane tisini na tano.
Nikarudia. Ikatoka ileile.
Nikaenda kumwamsha Chilumba.

Buti za mtumba, elfu kumi na mbili,
la kushoto lilikuwa la mtu mwingine kabisa.
Fimbo: tawi la mkorosho uliokufa, bure.
Ming'oko ya kuchemsha kutoka sufuria ya shangazi Somoe,
bure, hakuulizwa.
Mabibo makavu, mfuko mmoja. Chumvi tukasahau.
Dumu la lita kumi, la shangazi pia.
Mpagazi hakuna.
Kiongozi: mbuzi wa kina Nambunga,
aliyetutangulia mpaka mara ya pili,
akaona upuuzi, akarudi kwao.

Julai. Asubuhi ukungu umelijaza Shimo mpaka mdomoni
kama uji unaotaka kufurika.
Msumbiji haipo. Ruvuma haupo.
Tunashuka ndani ya weupe tukishika mizizi.
Mara ya kwanza tuliimba.
Mara ya nne Chilumba alizungumza na goti lake, kwa heshima.
Mara ya sita nilijilaza juu ya jiwe
nikasema, hapa ndipo hewa inapokwisha.
"Hewa ipo," akasema. "Uliyekwisha ni wewe."

Shangazi Somoe alitukuta ukingoni, siku ya pili,
anatafuta dumu lake.
Akatazama buti, fimbo, midomo iliyopauka.
"Mmefuata nini huko chini?"
Hatukufuata kitu, shangazi. Tunapanda tu.
"Mikono mitupu?"
Hakucheka. Afadhali angecheka.
Akaonja mng'oko mmoja, akautema.
"Hauna chumvi. Dumu nalitaka kesho."

Kabla ya mabomba yeye alishuka njia hii
kila alfajiri, ndoo mkononi,
akapanda nayo kichwani,
tangu alipovunja ungo mpaka mtoto wa tatu.
Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu,
yaani bila kulifikiria.
Usiku ule nikalifikiria.
Miaka kumi na mmoja. Siku mia tatu kwa mwaka,
maana nimetoa Idi, nimetoa uzazi, nimetoa homa.
Gawa kwa tisa.
Mia tatu sitini na sita, na kipande.
Kilimanjaro mia tatu sitini na sita
juu ya kata ya kanga kuukuu,
na kipande.
Nikazima simu. Mwanga wake ulikuwa mkali mno chumbani.

Mara ya tisa nililijaza dumu kisimani.
Chilumba alisema tumechelewa. Alisema na mengine.
Kifuniko kilishapotea mara ya tano,
na maji yana tabia:
ukienda kulia yanakumbuka kushoto.
Yaliniingia sikioni, yakashuka mgongoni,
shingo ikajifunza kila kona kwa jina.
Juu hatukupiga kelele.
Chilumba aliketi akavua buti,
lile la mtu mwingine kwanza.

Nikampelekea shangazi dumu lake.
Akalitikisa karibu na sikio kama anavyotikisa nazi.
"Nusu," akasema.
Akayamimina sufuriani, akachochea moto,
akaniangalia kidogo,
akatia chumvi.