Dakika Nzima

Naanza na vidole, si mashine.
Viwili juu ya kifundo cha mkono wake,
jicho kwenye saa niliyoibana kifuani, kichwa chini,
na sihesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili.
Moyo wa Mwajabu Zamoyoni hauzidishiki:
unakimbia, unasita, unaruka ngazi,
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni
akageuka, asione mtu.
Mia na kumi na nane.
Naandika. Narudi kuhesabu pumzi.

Kitanda cha tisa, dirisha la kuelekea Upanga,
wiki thelathini na tatu.
Mito mitatu mgongoni; wa nne kauleta dada yake toka Chamazi,
una ua la kudarizi na harufu ya mafuta ya nazi.
Hulala kwa kukaa. Tangu Ramadhani, anasema,
hajalala kwa kulala.

Kwa mama mkwe aliitwa mvivu.
Ndoo moja toka bombani, na anashika ukuta.
Miguu ilipovimba wakasema mtoto wa kiume.
Alipokohoa usiku wakasema vumbi.
Nani angekumbuka koo
lililomuuma akiwa darasa la tatu,
na magoti yaliyowaka kwa zamu, leo hili kesho lile?
Walimkanda kwa maji ya chumvi. Yakapoa.
Kilichohamia ndani hakikupiga hodi.

Mumewe, Shukuru, huchomelea mageti Mbagala.
Daktari alimchorea: vyumba vinne, milango minne,
huu mmoja umekakamaa, haufunguki hata nusu.
Akaitazama karatasi kwa jicho la kazi.
"Mlango ukikwama," akaninong'oneza baadaye,
"mimi hugonga bawaba, natia grisi. Huu je?"
Sikucheka. Nikamwambia ufundi wake upo, ila si leo.
Leo tunapunguza watu mlangoni.
Ndiyo maana ya kidonge kinachomkojoza usiku kucha,
ndiyo maana mchuzi wake hauna chumvi,
ndiyo maana nampima uzito alfajiri, kabla ya chai,
kwa khanga ileile kila siku,
maana khanga nyingine ina uzito mwingine.

Alhamisi umeme ulikatika, jenereta likakohoa,
na uchungu ukaja kabla ya siku zake.
Hatukumwambia sukuma. Tulimwambia usisukume,
muache daktari avute, wewe pumua na mimi.
Pumua na mimi.
Saa kumi na moja kasoro: msichana,
kilo moja na mia tisa, hasira tele.

Saa kumi na mbili na nusu geti la wageni likafunguliwa,
shangazi akaingia na chupa ya uji wa pilipili manga,
"Kajifungua! Mwajabu kajifungua!"
na korido nzima ikapiga vigelegele.
Neno hilo nimelisema miaka kumi na saba.
Asubuhi ile ndipo nililisikia.
Kajifungua, ndiyo,
kote, isipokuwa mlango mmoja.

Nikavuta kiti.
Zamu yangu ilikwisha; mwenzangu Mbonea alisimama na daftari, akisubiri.
Lakini damu iliyokuwa ya watu wawili
sasa inarudi kwa mmoja, yote kwa pamoja,
mbele ya upenyo uleule mwembamba.
Niliwahi kwenda kunywa chai saa kama hii.
Mara moja tu. Alikuwa mama wa mapacha, anacheka,
aliniambia nenda, Sista, mimi mzima.
Jina lake lilikuwa Sikudhani.

Chai yangu siku hizi hupoa.

"Sista," Mwajabu ananiita, macho kafumba,
"mtoto anafanana na nani?"
Ngoja. Usinisemeshe. Nipo arobaini na mbili,
arobaini na tatu,
arobaini na

hapo pamesita. Nami nasita napo.

arobaini na nne.